Septante ya Kibirizi: nilivyoandika esei ndefu ya Kifaransa nikabaki hai

Kila mwaka ikifika msimu huu wadogo zangu walioko chuo, wale wa lugha za kigeni, wananitafuta WhatsApp na swali lilelile, kaka shikamoo, tumeambiwa tuandike esei ya kujitegemea maneno 8,000 kwa Kifaransa, nisaidie topiki. Marahaba, topiki sikupi. Ila naweza kukusimulia yangu ilivyonitesa mpaka ikasimama.

Nilichopeleka kwa supavaiza mara ya kwanza kilikuwa "Kifaransa katika Afrika Mashariki". Nilijiona msomi balaa. Mzee akasoma, akavua miwani, akaniuliza, "Afrika Mashariki yote utaizunguka kwa nauli ya nani?" Nikarudi na "Historia ya Kifaransa mkoani Kigoma", akauliza tena, sasa hiyo utajuaje umeimaliza? Nikatoka pale nimenuna, nikasema huyu hataki nimalize chuo. Lile swali la pili limekaa kichwani mpaka leo, na kila mdogo wangu akinitumia topiki namrudishia hilohilo.

Likizo nikarudi nyumbani. Kwetu ni Mwanga ya Kigoma mjini, na mama mdogo anachukua vitenge kule Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwa wamama wanaovuka na maboti kutoka Kongo. Siku hiyo nimekaa juu ya robota namsubiri, jua kali, upande huu dagaa wananuka upande huu mtu anapakua mawese, nikasikia mama mmoja anampigia mwenzie hesabu: septante, septante-cinq, quatre-vingts, nonante, yaani 70, 75, 80, 90. Nikashtuka. Chuo miaka mitatu nimekaririshwa 70 ni soixante-dix, yaani sitini na kumi, na 90 ni quatre-vingt-dix, ishirini mara nne halafu ongeza kumi, hesabu ya kuumiza kichwa tu, afu huyu mama hata hajapumua keshamaliza. Moyoni nikasema masikini, anakosea.

Kumbe mkosaji mimi. Septante na nonante ni Kifaransa cha Wabelgiji, na ndo waliotawala Kongo mpaka 1960 na Burundi mpaka 1962, kwa hiyo shuleni kule watu walifundishwa hivyo na mpaka kesho wanahesabu hivyo. Ila 80 Wabelgiji wanabaki na quatre-vingts kama Wafaransa, huitante utaikuta Uswisi huko. Na Wabelgiji haohao waliingia hapahapa Kigoma mwaka 1916 wakawatoa Wajerumani, mwaka huohuo wakafika mpaka Tabora. Miaka yote hiyo nimepita Kibirizi kununua migebuka sijawahi kutega sikio.

Basi swali langu likawa dogo hivi: mfanyabiashara wa Kibirizi akiongea na mtu aliyesoma Kifaransa cha darasani kama mimi, anabaki na septante au anahamia soixante-dix? Nikarekodi watu 11. Kwa hiyo nilijua nikimaliza nitajua, kumi na moja wameisha, nimeisha. Majibu yenyewe yalinichekesha, wengi walibaki na septante hata nilipowauliza bei kwa soixante-dix, na wawili waliponisikia nahangaika na matamshi wakanihurumia wakanijibu "sabini".

Usidharau barua. Mimi nilianza kurekodi bila barua, nikaulizwa na jamaa mmoja pale ufukweni we ni nani na unarekodi ya nini, nikakosa cha kusema. Barua ya chuo inaanzia kwa RAS, yaani Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halafu kwa mtendaji wa kata, tenga wiki mbili za kuzungushwa. Na hata ukiwa nayo bado unamwomba mwenyewe ruhusa, mtu mzima huwezi kumwekea simu mdomoni kama mwizi.

Sasa dhambi yangu kubwa. Nilipokaa kuandika yale maneno kutoka kwenye rekodi, kila penye septante mimi nikaandika soixante-dix. Sio kwa makusudi, mkono tu umezoea, darasani ukiandika septante ilikuwa inapigwa nyekundu. Nikapeleka. Supavaiza akasema niletee sauti, tukasikiliza wote ofisini kwake, yule mama anasema nonante, nonante-cinq, na karatasi yangu inasema kitu kingine kabisa. Hakugomba. Alinyamaza tu, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kugombwa. Yaani topiki nzima ilikuwa ni lile neno na mimi nimelifuta kwa mkono wangu! Nikarudia zote 11, siku nne, hedifoni masikioni mpaka masikio yanauma.

Kingine, nilianza kwa kuandika Kiswahili halafu natafsiri, nikidhani naokoa muda. Usifanye. Kifaransa changu kilikuwa kinatembea na kanzu. Kwenye kuelezea soko niliandika "j'entends l'odeur du poisson", kwa sababu sisi harufu tunaisikia, Mfaransa yeye sikio lake ni la sauti tu, harufu anasema sentir. Ilizungushiwa duara jekundu na alama ya kucheka pembeni. Baada ya hapo nikaanza kuandika Kifaransa moja kwa moja, kibovu hivyohivyo, sentensi fupifupi, nikikwama naacha nafasi naendelea. Kikawa kibovu lakini cha Kifaransa.

Halafu Wafaransa wana kitu wanaita problématique, lazima ikae kwenye utangulizi, yaani swali lako na kwa nini ni swali, na baada yake unamtangazia msomaji sehemu zako zinavyofuatana. Usipoiweka hata data ziwe tamu vipi watakwambia hakuna esei hapa. Na hawapendi "je", yaani mimi, uko peke yako chumbani unaandika "nous", sisi, kama mko kijiji kizima, lakini hiyo nous ni ya mtu mmoja, kwa hiyo mwanaume anaandika "nous sommes convaincu" bila s mwishoni. Hii ilinigharimu maksi, wenzangu wengi pia.

La mwisho ni uchapaji. Nilipeleka flashi stesheneri usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, kompyuta ya yule kijana ikafungua faili kila é na ç imegeuka kiboksi. Sikuona mpaka naambiwa bei. Ibadili iwe PDF ukiwa bado nyumbani, ifungue kwenye simu ya mtu mwingine uangalie. Mimi nilichapa upya kurasa 31, kwa hela niliyokuwa nimeweka ya treni ya kurudi Kigoma.