Nani analala na mgonjwa?

Mwanangu,

Umeuliza umtumie jirani shilingi ngapi, maana kalazwa hospitali ya Ndanda kwa kiharusi, na kama inafaa kumsaidia mtu aliyesogeza mpaka wa mikorosho yetu. Mimi nakuuliza: nani analala naye?

Pesa hailali na mgonjwa. Bibi yako alipolazwa pesa zilitoka Dar, zikatoka Songea, na kwenye jumuiya wakasomwa waliochanga, kila jina na kiasi chake. Mama wa watu akatoka kidonda mgongoni. Shuka limejikunja chini ya kiuno, hakuna wa kulinyoosha, hakuna wa kumgeuza. Mpaka leo linanichoma, na waliohusika siwataji. Aliyekuja kulala ni mke wa huyuhuyu jirani, kabeba mkeka wake mwenyewe. Alfajiri anaswali, kisha anarudi na uji. Na mpaka ulikwishasogezwa wakati huo!

Aliyepooza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana: ubavu, chali, ubavu wa pili. Wawili wamnyanyue kwa shuka wasimburute, maana ngozi huchunika. Kila wakimgeuza watazame chini ya mgongo, nyonga na visigino; pakiwa na joto, pagumu au peusi kuliko kawaida, nesi aambiwe. Pasisuguliwe, ndiyo kupaharibu. Mfuko wa mkojo uning'inie chini ya usawa wa godoro. Ukiwekwa kitandani mkojo unarudi ndani na maradhi yake. Na chakula kingoje nesi apime kama anameza. Kiharusi hulegeza koo, uji ukaingia mapafuni. Akisharuhusiwa, alishwe ameketi, kijiko kidogo kidogo. Wapo wageni wanaofika na chupa ya uji wakamnywesha kalala chali, tena kwa upendo kabisa. Hao siwawezi.

Jingine: wiki ya kwanza wodi hujaa watu na sala ndefu, ya tatu mke amebaki peke yake anasinzia. Ukipanga zamu, panga ya wiki ya tatu.

Nilitaka kukuandikia pesa si kitu, lakini Luka 10 inanikatalia. Yule Msamaria aliyemwokota njiani mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi naye aliondoka, akaacha pesa. Ila tazama mpangilio: kwanza alifunga jeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha mnyama wake, akamtunza nyumba ya wageni. Dinari mbili, ujira wa kibarua wa siku mbili, zilitoka siku ya pili, na ahadi kwamba akirudi atalipa kilichozidi. Kwa hiyo pesa ipo. Nakubali. Lakini hailali na mgonjwa.

Kama anastahili, sisemi. Mikorosho ile mitatu ni yetu na yeye anajua. Haya, nimenyamaza.

Wewe uko mbali, basi gharamia wanaolala: nauli ya kupokezana kutoka Masasi, sabuni ya mche, na chakula cha anayeuguza, maana wote humkumbuka mgonjwa, yeye akashinda na chai kavu. Mtumie mkewe mwenyewe, usipitishe kwenye kundi la ukoo wakaanza kuorodhesha. Muulize kwanza kinachopungua, ndipo ujue kiasi. Na umtajie tarehe utakayofika. Usimwambie "nikipata nafasi".

Mama yako