Maswali yenu kuhusu Ohio State: msimu uliopotea Novemba ukapatikana Januari

Tangu timu ya chuo kikuu cha Ohio State itwae ubingwa wa futiboli ya Kimarekani (ile ya kubeba na kurusha mpira kwa mikono) ya vyuo, Januari 20, 2025, mjini Atlanta, mmeniandikia sana. Nimeanza na haya matano.

Msomaji wa Mbeya: Timu imefungwa mara mbili, na hata fainali ya ligi yake haikufika. Imekuwaje bingwa wa nchi nzima? Kwetu pointi ndizo zinazosema.

Huko pointi hazisemi, ndugu yangu. Vyuo ni vingi mno na kila kimoja hucheza mechi 12 tu za kawaida, kwa hiyo wengi hawakutani kabisa. Kamati ndiyo inayokaa na kuchagua nani aingie kwenye mchujo. Kwa misimu 10 walikuwa wakichagua timu 4. Msimu wa 2024 ulikuwa wa kwanza kwa timu 12. Ligi yao, iitwayo Big Ten, waliichukua Oregon, na Ohio State wakaingia kwenye mchujo wakiwa wa 8. Kisha wakawafunga Tennessee 42-17, Oregon 41-21, Texas 28-14 na Notre Dame 34-23, yote ndani ya mwezi mmoja. Kwa mfumo wa zamani, naamini wangeitazama fainali kwenye televisheni.

Mama wa Columbus, Ohio: Mwanangu tulimleta hapa mdogo kutoka kambini. Siku ya Michigan alilia mpaka akalala bila kula. Baadaye wakawa mabingwa, na bado anaitaja mechi ile. Ina nini?

Pole mama, na mtoto mpe pole zangu. Wewe uko Columbus, bila shaka umeona wiki ile ya mwisho wa Novemba chuoni: kila herufi M kwenye vibao na majengo inabandikwa utepe mwekundu wenye alama ya X, kwa sababu M ni ya Michigan, chuo cha jimbo la jirani. Majirani hawa walianza kucheza mwaka 1897. Kuna watu Ohio ambao msimu mzima wanaupima kwa mechi hiyo moja.

Novemba 30, 2024, Michigan walikuja wakiwa wamepoteza mechi 5. Ohio State walikuwa wamepoteza moja tu, wako nyumbani, mbele ya watu zaidi ya 100,000. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Wakafungwa 13-10. Kwotabeki Will Howard, yaani mrusha pasi wao, alinyang'anywa pasi mara mbili. Mpiga mikwaju, Jayden Fielding, akakosa mikwaju miwili ya pointi 3. Na benchi likang'ang'ania kupitisha mpira katikati, pale pale penye ukuta wa Michigan, wakati pembeni kulikuwa na wadakaji bora kuliko wote nchini. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wachezaji hawakukosa uwezo, walinyimwa nafasi ya kuutumia.

Ilikuwa mara ya nne mfululizo kufungwa na Michigan. Vijana walioingia chuoni 2021, Jack Sawyer akiwa mmoja wao, walimaliza bila kuwafunga hata siku moja. Michigan walipokwenda kusimika bendera yao katikati ya uwanja, Sawyer aliinyakua na kuichana kutoka kwenye mti wake. Ugomvi ukawaka, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Mashabiki wakataka kocha Ryan Day afukuzwe.

Kwa hiyo usimwambie mtoto kwamba kombe limefuta mechi ile. Halikuifuta. Ana haki ya kuvibeba vyote viwili.

Msomaji wa Nairobi: Wanalipwa, halafu mnawaita wanafunzi?

Ni wanafunzi, na tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kupokea fedha kwa majina na picha zao. Mkurugenzi wa michezo wa Ohio State, Ross Bjork, alitaja takriban dola milioni 20 kwa kikosi hicho. Baadhi walihamia kutoka vyuo vingine: Howard alitoka Kansas State, Quinshon Judkins alitoka Ole Miss, Caleb Downs alitoka Alabama. Mimi siwaonei kijicho hata kidogo. Makocha walilipwa mamilioni miaka mingi huku anayevunjika goti hapati kitu.

Msomaji wa Mombasa: Kuna habari ya Oregon kuweka watu 12 uwanjani. Ni kweli?

Kweli kabisa. Oktoba 12, 2024, mjini Eugene, Oregon wakiwaongoza Ohio State 32-31, zimebaki sekunde 10. Kila upande unatakiwa kuwa na watu 11. Wao wakawa 12. Adhabu ni yadi 5 tu, lakini saa ilikuwa imekula sekunde 4 ambazo hazikurudishwa. Katika jaribio lililofuata Howard alikimbia na mpira, akateleza chini kutaka muda usimamishwe, na muda ulikuwa umekwisha. Kanuni ikafanyiwa marekebisho siku chache baadaye.

Msomaji wa Zanzibar: Niliamka saa tisa na nusu usiku kutazama fainali, usingizi ukanizidi matokeo yakiwa 31-7. Niliposhtuka ni 34-23. Nilipitwa na nini?

Ulipitwa na presha, ndugu yangu. Notre Dame walifunga mara mbili, na kila mara wakapata na pointi 2 za nyongeza: 31-23. Zimebaki chini ya dakika tatu, Ohio State wako kwenye jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira, na wanahitaji yadi 11. Wakikosa, mpira unarudi kwa watu walioshapata moto.

Wengi wangekimbia na mpira ili kula muda, na siku ya Michigan Ohio State wenyewe waling'ang'ania kukimbia. Safari hii Howard alirudi nyuma na kurusha mbali, upande wa kulia, kwa Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa na beki mmoja tu. Mpira ulishuka mikononi mwake mbele ya beki, yadi 56. Zilipobaki sekunde 26 wakaita mkwaju wa yadi 33, na mpigaji alikuwa Fielding yuleyule. Ukapita katikati ya nguzo.