Kwa mwanangu, kuhusu masomo ya mwaka wa tatu

Mkomani, Lamu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, alhamdulillahi, na kifua cha babako kimepoa.

Umeniuliza masomo gani uchague sasa waingia mwaka wa tatu wa shahada ya uchumi. Wenzako wanakwambia uache ekonometriki ya pili (kule kupima mambo ya uchumi kwa takwimu) na hesabu, ujaze nafasi na ujasiriamali na usimamizi wa wafanyakazi, ujikusanyie alama, umalize na daraja la kwanza. Rai yangu ni uchukue hesabu. Najua utasema mama ni mwalimu wa hesabu, ataacha kuvutia kwake? Basi sikiliza sababu, kisha hukumu.

Uchumi wa maendeleo, uchumi wa kazi, biashara ya kimataifa: hayo ukiyakosa darasani waweza kuyasoma mwenyewe siku yoyote. Hesabu ni wachache mno wanaoiweza peke yao, baada ya kazi, na mtoto analia. Tena masomo mengine yanaisubiri. Nadharia ya uchumi imejengwa juu ya kalkulasi, hesabu ya mambo yanavyobadilika. Ekonometriki yataka takwimu, uwezekano na matriki, yale majedwali ya namba. Ukiacha moja muhula huu, mwaka wa nne utakuta matatu yamekufungia mlango.

Elinor Ostrom, Mmarekani, ndiye mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Alichunguza namna watu wa kawaida, wavuvi wakiwemo, wanavyojiwekea kanuni za kutunza mali ya pamoja; wazee wa Kizingitini, kijiji cha wavuvi huku kwetu, wangekuwa na mengi ya kumwambia. Lakini alipoomba kusomea udaktari wa uchumi huko Los Angeles alikataliwa, hesabu zake hazikutosha. Shuleni walikuwa wamemkatisha tamaa asichukue trigonometria, kwa kuwa ni msichana. Akaenda kwenye sayansi ya siasa. Wenzako watasema, si unaona, alifika bila hesabu! Alifika, naam, lakini ule mlango wa kwanza hakuuacha kwa hiari yake, na baadaye kazi zake zilitumia nadharia ya michezo, ya namna watu wanavyoamua kila mmoja akimtazama mwenziwe, ambayo ni hesabu tupu. Wewe hakuna aliyekuzuia.

Sasa hiyo ekonometriki unayoiogopa. Chukua daftari la mjombako la kununulia samaki. Kusi ikichafuka mashua hazitoki, samaki ni wachache, bei juu. Msimu wa harusi bei nayo iko juu, lakini samaki wanaouzwa ni wengi. Ukiziweka siku hizo zote pamoja, ukatafuta bei inavyomwathiri mlaji, utapata jibu la ovyo, maana daftari limechanganya bahari iliyobadilika na wanunuzi waliobadilika. Kathryn Graddy alikutana na swali hilohilo katika soko la samaki la Fulton, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadaye yeye na wenziwe Joshua Angrist na Guido Imbens (hawa wawili walipata Nobel mwaka 2021) walitumia hali ya hewa baharini. Upepo na mawimbi hupunguza samaki wanaofika sokoni, ila havimwongezei wala kumpunguzia mlaji hamu. Kwa hiyo siku za dhoruba ndizo zinazoonyesha mlaji hufanyaje bei inapopanda. Mjombako nilipomweleza alicheka sana, akauliza kama kweli kuna watu hulipwa mshahara kwa jambo hilo.

Kuhusu alama, hofu yako ina haki. Usibebe ekonometriki na hesabu mbili muhula mmoja. Hesabu moja yatosha. Nafasi ya tatu weka somo la fedha za umma. Tangu ugatuzi kaunti zina bajeti zao, na huku kwetu gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021, na hadi leo kila baraza wanabishana limemfaa nani. Wote wanasema, anayepima simwoni. Hapo pana mradi wako wa mwaka wa nne, ukiwa na zana. Anza mapema kujifunza R, programu ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, ni ya bure.

Ujasiriamali waachie wenyewe. Nyanyako ameuza mahamri miaka yote na hakuna aliyemfanyia mtihani.

Ila kama moyo wako umeshaamua kazi ya ofisi ya ajira na hutaki uzamili kabisa, niambie waziwazi, maana ushauri huu wote utabadilika. Ukitaka uzamili wa uchumi, jua kuwa wanaochagua hawatazami wastani tu. Hushuka na kidole kwenye orodha ya masomo.

Kabla hujathibitisha, tafuta mtihani wa mwaka jana wa ekonometriki ya pili, ujaribu swali la kwanza, kisha uende kwa mhadhiri mwenyewe na ulipokwama. Nipigie picha hilo swali unitumie. Ijumaa jioni sina darasa.

Mamako