Re: Klabu yetu ya Rotary inataka kusaidia bendi ya vijana, tuombe ruzuku gani na tununue nini?

Ndugu, Global Grant (ruzuku kubwa ya kimataifa ya Rotary) iacheni. Bajeti yake huanzia dola 30,000, na muziki haumo katika nyanja saba ambazo Rotary huzifadhili kwa ruzuku hiyo. Ombeni ruzuku ya distrikti, yaani ile inayopitia wilaya yenu ya Rotary. Msinunue hata fimbo ya ngoma kabla ya kuidhinishwa, kwa sababu mradi ulioanza tayari haurudishiwi gharama.

Pili, mwalimu kabla ya ala. Tarumbeta bila mwalimu huishia stoo. Mkishampata, vijana 12 wa kuanzia wanatosheka na tarumbeta 5, tromboni 3, yufoniamu 1 (ala ya kupuliza yenye sauti nzito), ngoma ndogo 2 na ngoma ya besi 1. Klarineti ziacheni kwanza, hasa mkiwa pwani: unyevu huvimbisha pedi zinazoziba matundu yake, na ndimi zake za mwanzi ni za kununua kila mara.

Ala za mtumba ni sawa, lakini kagueni moja moja. Bonyeza kila pistoni (kitufe cha kubadili sauti) uiachie; ikipanda kwa uvivu hata baada ya mafuta, huenda imepinda. Vuta mabomba yote ya kuteleza. Madoa mekundu kwenye bomba linalopokea kipulizio (kipande cha kutia mdomoni) maana yake shaba inaliwa kutoka ndani. Ala hiyo msiichukue, hata ya bure.

Tengeni sehemu ya bajeti kwa mafuta ya pistoni na grisi (wengi husahau, kisha mtoto anapaka mafuta ya kupikia na pistoni inaganda). Kipulizio kikikwama, koleo marufuku. Kuna kifaa chake cha kukitoa.

Mwisho, andikeni mkataba: ala ni za nani?