Aliyekaribia kuchinjwa ni Ismaili au Is-haka?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni fundi seremala hapa Tanga. Mke wangu alisilimu kabla hatujaoana, wazazi wake ni Walutheri. Iddi ya kuchinja tuliwatembelea, baba mkwe akaniuliza tunaadhimisha nini. Nikamwambia Nabii Ibrahimu alivyoamrishwa kumchinja Ismaili. Akasema si Ismaili, ni Isaka, akanifungulia Biblia. Tulibishana mpaka pilau likapoa. Sasa nasikia hata wanachuoni wetu wapo waliosema ni Is-haka. Ni kweli? Na mwenye kusema hivyo hajakufuru?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ni kweli wapo, na hawakukufuru.

Soma Sura As-Saffat, aya ya 100 hadi 113, taratibu. Ibrahimu anaomba mtoto, anabashiriwa mvulana mpole, mvulana anakua, baba anaota anamchinja, anamweleza, mtoto anaridhia, kisha kinakuja kichinjwa cha kumkomboa. Jina la mtoto halimo. Is-haka anatajwa aya ya 112, kisa kikiwa kimeshapita. Hapo ndipo wafasiri walipoachana njia. Kutoka kwa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, Allah awe radhi naye, zimepokewa kauli zote mbili. Imamu Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria, aliona ni Is-haka. Ibn Kathir, zaidi ya karne nne baada yake, aliipinga rai hiyo kwa nguvu, na leo Waislamu wengi wako upande wake. Hakuna aliyemtoa mwenzake katika dini kwa jambo hili.

Mimi nashikilia Ismaili. Sababu yangu ni mpangilio wa aya zenyewe: bishara ya Is-haka inakuja baada ya kisa, basi mtoto wa kisa ni mwingine. Tena katika Sura Hud, aya ya 71, Sara anabashiriwa Is-haka, na baada ya Is-haka, Yaakubu. Mzazi aliyekwisha kuahidiwa mjukuu kwa mtoto huyo, akiambiwa amchinje, mtihani si umepungua makali? Tabari alisema bishara ya aya ya 112 ni ya unabii wa Is-haka, si ya kuzaliwa kwake. Ni jibu la mtu mzito, ila halinitoshi.

Upande wa Biblia, mzee hakukosea kusoma. Mwanzo 22:2 inamtaja Isaka waziwazi. Vijana wetu wa mihadhara hupenda kudaka maneno “mwana wako wa pekee” yaliyomo humo: Ismaili alizaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 86, Isaka alipofika 100, kwa hiyo aliyewahi kuwa wa pekee ni Ismaili, kwa miaka 14. Hoja ina nguvu. Lakini usidhani Mayahudi hawakuiona. Marabi wao wa kale waliitungia mazungumzo. Mungu: mchukue mwanao. Ibrahimu: ninao wawili. Mungu: wa pekee. Ibrahimu: huyu ni wa pekee kwa mama yake, na yule kwa mama yake. Mungu: umpendaye. Ibrahimu: nawapenda wote. Mungu: Isaka! Nakiri kila nikiyasoma hunigusa, kwa sababu baba anayeongea hivyo ni baba anayevuta muda. Wakristo nao wana Mwanzo 17, ambapo agano linawekwa kwa Isaka. Kwa hiyo ukitaka kumshinda baba mkwe kwa kitabu chake mwenyewe, mtakesha.

Natamani mngezungumza jambo jingine: mtoto alijua? Katika Qur’ani anaulizwa, “waonaje?”, naye anamwambia baba atende alivyoamrishwa. Wametii wawili. Katika Mwanzo Isaka amebeba kuni na anauliza mwanakondoo yuko wapi; hajaambiwa. Marabi baadaye walimpa umri wa miaka 37, kwa kuwa Sara alimzaa akiwa na 90 na akafa akiwa na 127, na kifo chake kinasimuliwa mara baada ya kisa hiki. Mwanamume wa miaka 37 hafungwi kamba na mzee asipotaka mwenyewe. Kwao kisa kinaitwa Akeda, yaani kufungwa, na husomwa Mwaka Mpya wao, pembe ya kondoo ikipigwa.

Mkristo anapoona Isaka amebeba kuni, anamwona Yesu amebeba msalaba. Warumi 8:32 inasema Mungu hakumhurumia Mwana wake mwenyewe. Hapa ndipo tunapotofautiana kweli na baba mkwe wako, hata mkikubaliana jina. Kwake damu ya kichinjwa kile ni kivuli cha damu inayoondoa dhambi. Kwetu, Sura Al-Hajj aya ya 37, nyama na damu hazimfikii Allah, inamfikia taqwa, yaani uchamungu. Hatuamini kwamba yeyote alichinjwa kwa ajili ya madhambi yetu.

Kwa hiyo shikilia Ismaili bila wasiwasi, wala usimwite kafiri Mwislamu aliyefuata rai ya Tabari. Na kwa mkwe wako urudi kabla ya Iddi nyingine, uombe radhi kwa kumpandishia sauti mezani kwake. Hilo halina hitilafu ya wanachuoni.

Wallahu aalam.