Muulize Bi Somoe: Filamu zangu za 2024

Bi Somoe ni fundi cherehani wa Lindi mjini. Hutazama filamu huku akishona, na ile iliyomgusa huitazama tena mikono ikiwa imetulia. Hujibu maswali ya wasomaji kuhusu filamu.

Shikamoo Bi Somoe. Kila mwaka ulikuwa ukitutajia filamu zilizokukaa moyoni. Za 2024 hukuzitaja mpaka leo, na mwaka 2025 tumeshaufikia katikati. Tutajie basi, na ya kwanza utuambie kwa nini ni ya kwanza. (Mwalimu, Nachingwea)

Marahaba mwalimu. Nimechelewa kwa sababu filamu zenyewe zilichelewa kunifikia. Binti wa dada yangu anasoma Dar, ndiye anayelipia mtandao wa filamu kila mwezi, na akija likizo anafungua kompyuta yake juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Likizo ya Desemba alinionyesha moja. Pasaka akaja na nyingine nne. Nisingeweza kupanga kabla sijaziona.

Ya kwanza ni Dahomey, ya Mati Diop, na hakuna iliyoisogelea. Ni fupi, saa moja na dakika nane tu, na haina waigizaji. Inahusu vitu 26 vya kifalme ambavyo askari wa Ufaransa walivipora Abomey mwaka 1892, katika nchi ambayo leo inaitwa Benin, vikakaa Ulaya zaidi ya karne moja, vikarudishwa Novemba 2021. Diop alikwenda na kamera jumba la makumbusho la Paris siku vilipokuwa vikifungwa, akavifuata mpaka kwao.

Kuna mahali sanamu ya mfalme Ghezo inalazwa ndani ya kasha la mbao. Wanaitegemeza kwa uangalifu kama wanavyomlaza mgonjwa. Halafu kifuniko kinashuka na sisi tumo ndani pamoja nayo. Kunakuwa giza tupu, unasikia skurubu zinazama kwenye mbao, moja baada ya nyingine. Ndani ya giza lile sanamu inazungumza, kwa Kifon, lugha ya kwao. Inajiita kwa namba waliyoipa, 26. Mwalimu, nilikuwa napinda ukingo wa gauni la mtu nikauacha ulivyo. Kitu kilichokuwa na jina na heshima zake, miaka yote ile kimeitwa namba.

Wewe ni wa huku, umeshajua ninakoelekea. Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani wa makumbusho ya Berlin walichimba mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, kule Tendaguru, kiasi cha kilomita 60 kutoka hapa Lindi. Mifupa ile, zaidi ya tani 200, haikushuka kwa gari. Ilishuka vichwani na mabegani mwa watu, mwendo wa siku kadhaa, mpaka bandarini, na hiyo ilikuwa miaka michache tu baada ya Majimaji na njaa yake. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akikaa barazani, anainua mkono kuelekea bara na kusema, "Walitokea huko na mizigo yao." Hakuwaona yeye, alihadithiwa na mama yake. Mjusi mwenyewe amesimamishwa Berlin tangu 1937, kimo chake mita 13 na ushei, na watu hukata tiketi kumwona.

Sasa sikia hili. Dahomey ilipewa Dubu wa Dhahabu, tuzo ya juu kabisa ya tamasha la filamu la Berlin, Februari 2024. Mji ule ule. Na rais wa jopo la majaji alikuwa Lupita Nyong'o, binti wa jirani zetu Wakenya. Binti wa dada yangu aliponisomea hayo niliweka mkasi chini nikamwambia arudishe filamu mwanzo.

Sehemu ya mwisho wanafunzi wa chuo kikuu cha Abomey-Calavi wanabishana. Mmoja anasema kurudishiwa 26 kati ya maelfu ni tusi. Mwingine anaeleza vile vitu vilivyomliza. Hakuna mwamuzi anayekuja kuwapatanisha, na mimi nimeipenda hivyo hivyo. Hapa kwetu suala la mjusi limeulizwa hata Bungeni, zaidi ya mara moja, na kila likiulizwa linaishia kwenye gharama na mahali pa kumweka. Vijana wale walianzia kwingine: walianza kwa kusema walivyojisikia.

Ya pili ni On Becoming a Guinea Fowl ya Zambia. Nimeulizwa habari zake hapo chini, nitaieleza huko.

Ya tatu ni I'm Still Here ya Walter Salles, ya Brazili. Ni kisa cha kweli. Januari 1971, wakati wa utawala wa kijeshi, watu walikuja nyumbani kwa Rubens Paiva pale Rio wakamchukua, hakurudi tena. Mkewe Eunice akabaki na watoto watano. Fernanda Torres anayemwigiza halii ovyo, na hapo ndipo aliponimaliza. Mwandishi wa gazeti anakuja kuwapiga picha, anataka wakae kwa huzuni. Yule mama anawaambia wanawe wacheke, na wote wanacheka mbele ya kamera. Cheti cha kifo cha mumewe alikuja kukishika mwaka 1996. Piga hesabu mwenyewe, ni miaka 25 mtu hajui ajiite mjane au mke. Nina shoga yangu ambaye mumewe alikwenda baharini hakurudi, na ninajua anavyogeuza kichwa mlango ukigongwa usiku.

Halafu Flow, nayo nimeulizwa. Na The Wild Robot, ya roboti anayetupwa na dhoruba kisiwani na kulea kinda la bata bukini. Sauti ya roboti yule ni ya huyo huyo Lupita. Niliipenda kwa jambo moja: roboti anapotaka kujua lugha ya wanyama anakaa chini, haondoki, anasikiliza tu, siku zinapita, majani yanamwotea, mpaka milio inageuka maneno. Mimi nimelea mtoto nisiyemzaa. Ndivyo inavyokuwa.

Bi Somoe, hiyo filamu ya Zambia nilimwonyesha mama, akainuka katikati. Anasema marehemu hasemwi vibaya, tena msibani. Wewe uliipendea nini? (Kijana, Mtwara mjini)

Mwanangu, mpe mama salamu zangu, na wala simlaumu kwa kuinuka. Filamu ile inakaa mahali panapouma.

Kwa ambao hawajaiona: Shula anaendesha gari usiku, anakuta maiti barabarani. Ni mjomba wake Fred. Anashuka, anamtazama, halii. Kwa nini halii, hiyo ndiyo filamu nzima. Rungano Nyoni, aliyeitunga na kuiongoza, ni mzaliwa wa Zambia, na kazi hii ilimpa tuzo ya uongozaji katika kitengo kimojawapo cha tamasha la Cannes, Mei 2024.

Mimi nilianzia kwenye nguo, hiyo ndiyo kazi yangu. Shula ametoka kwenye sherehe ya kuvaa mavazi ya kuigiza. Amevaa vazi jeusi lililojazwa upepo kama puto, na kofia inayometameta. Hebu fikiria mtu anayesimama mbele ya maiti ya mjomba wake na vazi la namna hiyo, hawezi hata kuinama vizuri. Fundi aliyelishona alijua anachofanya: binti yule hana namna ya kukaa ndani ya msiba ule kama wengine.

Kisha matanga yenyewe. Wanaume wamekaa, wanawake wako jikoni, masufuria hayapumziki. Mama zake wakubwa na wadogo wanamfuata Shula mpaka hotelini, wanamgombeza kwa kuwa ameoga. Mjane, mtoto mdogo kabisa kwa umri, anatupiwa lawama na wakwe kwamba hakumtunza mume. Nimekaa kwenye matanga mengi, Lindi, Mtama, Newala, na sikuona kitu kigeni pale isipokuwa lugha. Na wakati kazi zote hizo zinaendelea, wasichana wa ukoo, mmoja mmoja, wanaambiana jikoni na ndani ya magari kile ambacho mjomba aliwafanyia walipokuwa wadogo.

Huku kwetu ukoo unafuata kwa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti, ndiye anayeitwa mambo yakiharibika. Je, mjomba akiwa ndiye aliyeharibu, aitwe nani? Hilo ndilo nadhani lilimwinua mama yako. Mwache, siku akitaka kumalizia mkae naye. Na usimuulize kitu filamu ikiisha, ngoja aseme mwenyewe.

Jina la filamu ni la ndege, kanga. Inaelezwa humo kuwa kanga akimwona mnyama mkali anapiga kelele, na wenzake wanapona. Sisi jina la ndege huyu tumeipa nguo, na ndiyo nguo tunayojifunga kwenda msibani. Nyoni sidhani alijua hilo, lakini mimi siwezi kuitazama filamu yake bila kulijua.

Nina watoto watatu, wa mwisho ana miaka sita. Tangu mvua za Kimbunga Hidaya anaogopa maji, hata mto mdogo havuki. Hiyo Flow ni ya mafuriko. Nimwonyeshe? (Mama, Somanga, Kilwa)

Pole sana, mwenzangu. Mei 2024 barabara ya kwenu ilipokatika, huku Lindi tulikaa tukiulizana nani yuko upande gani. Mtoto wa miaka mitano wakati ule anakumbuka.

Nikuambie filamu ilivyo, uamue wewe. Paka mmoja, maji yanapanda, nyumba inafunikwa, anaruka kwenye mashua. Humo anamkuta mnyama mnene wa Amerika Kusini mfano wa panya mkubwa, baadaye komba wa Madagaska anayekusanya vitu kapuni na kujitazama kwenye kioo, mbwa, na ndege karani, huyu wa mbugani kwetu mwenye miguu mirefu na manyoya ya kisogoni. Hakuna binadamu hata mmoja, na hakuna neno hata moja linalosemwa. Aliyeitengeneza ni Gints Zilbalodis wa Latvia, kwa programu ya bure ya kompyuta, na Machi 2025 ikapata Oscar, ya kwanza kwa nchi yao.

Niliitazama na watoto wanne wa jirani. Ndege karani aliposhika usukani wa mashua kwa mguu, mmoja ambaye baba yake ni mvuvi alisimama akamwelekeza: "Si hivyo, lisukume huku!" Lakini maji yalipopanda mara ya kwanza, mdogo wao alikuja kukaa mapajani mwangu, akashika kanga yangu mpaka paka alipojifunza kupiga mbizi na kutoka na samaki mdomoni. Hapo akaniachia.

Kwa hiyo itazame wewe kwanza, peke yako. Ukimwonyesha, iwe mchana, mlango wazi, naye akae karibu yako. Akisema zima, zima.

Mbona hukutaja filamu ya Tanzania hata moja? Na za kutafsiriwa, tunazotazama sisi kwenye kibanda umiza, hazina thamani? (Dereva wa bodaboda, Masasi)

Zina thamani kubwa, baba. Mimi mwenyewe Kichina na Kihindi cha filamu nilikisikia kwa sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, na nusu ya uchangamfu wa kibanda ulikuwa pale. Ila kwa filamu ninazotaka kuzipima naomba sauti zao wenyewe zibaki. Kama Dahomey ingesemewa juu, Kifon cha ile sanamu kingezama, na filamu ingekuwa imekwisha hapo.

Ya kwetu niliyoirudia mwaka ule ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, kwa hiyo haiwezi kuingia kwenye hesabu ya 2024. Ninairudia kwa ajili ya Kiswahili chake, kile cha Unguja, kinachosemwa taratibu na watu ambao hawana haraka ya kueleweka na mgeni. Za 2024 za hapa nchini sikuona za kutosha kuzitolea hukumu. Nitumie majina ya unazozipenda wewe, na useme kwa nini.

Bi Somoe shikamoo. Kama mjusi wa Tendaguru angepewa sauti kama ile sanamu ya Benin, angesema kwa lugha gani? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Lindi)

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelala nalo siku tatu.

Mjusi hana lugha, ni wa zamani kuliko watu wote. Ningewapa sauti waliombeba. Miaka ile wachimbaji walifika mia kadhaa kwa wakati mmoja, wengi wa hapa hapa kusini, wengine na wake zao na watoto. Ungesikia Kimwera, Kimakonde, Kiyao, Kingindo, na Kiswahili cha kuunganisha. Na yuko mmoja ambaye jina lake halikupotea, Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji. Mwaka 2007 mwanasayansi mmoja alimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina la kisayansi, Australodocus bohetii, ambalo sehemu yake ya pili ni yeye.

Ningeanzia kwake. Asubuhi, Boheti ameinama juu ya mfupa uliojitokeza udongoni, anaufagia kwa mkono. Hasemi kitu bado. Kamera ikae hapo, kwenye mkono.

Andika uliyoyawaza wewe, uniletee dukani baada ya saa za shule.