Kuamshwa na mtandao: maswali ya waandishi wa draiva

Draiva yangu (programu inayoendesha kadi ya mtandao) huita enable_irq_wake(), yaani huruhusu intarapti (ishara ya kifaa ya kuita kompyuta) iamshe kompyuta, kila inapolala. Nimezima Wake-on-LAN (kuamsha kompyuta kupitia mtandao) kwa ethtool, amri ya kupanga kadi ya mtandao, bado inaamshwa. Kwa nini? (Msomaji, Nkuhungu)

Angalia kama unalipa deni. Kerneli, yaani kiini cha Linux, huhesabu: kila enable_irq_wake() huongeza moja, kila disable_irq_wake() hupunguza moja, na ruhusa ya kuamsha huondoka hesabu ikifika sifuri tu. Ukilala mara tano bila kuita disable_irq_wake() unapoamka, unadaiwa tano, hata mtumiaji azime nini.

Kosa hili nalijua kwa uchungu. Tulifunga bodi ndogo ya sola kwenye shamba la zabibu Hombolo, ipime unyevu wa udongo. Wake-on-LAN tuliizima wenyewe. Kumbe kila upepo ulipotikisa kebo ya mtandao, ikaachia na kushika tena, bodi iliamka. Asubuhi ya tatu mkulima akapiga simu: "Mwanangu, hiki kidude chenu kimezima." Betri ilikuwa imekauka.

Kwa hiyo uliza kwanza device_may_wakeup(), inayokuambia kama kifaa kimeruhusiwa kuamsha, maana ruhusa hiyo ni ya mtumiaji, si yako. Kisha weka kumbukumbu kama wito wa enable_irq_wake() ulifaulu. Ukishindwa hurudisha namba ya kosa, na hapo huna cha kulipa.

Je, IRQF_NO_SUSPEND, bendera ya kuwekwa draiva inapoomba intarapti, si njia fupi? (Msomaji, Singida mjini)

Hapana, tafadhali. Bendera hiyo huzuia tu intarapti isizimwe wakati wa kulala. Haiahidi kuamsha chochote. Iliwekwa kwa ajili ya vitu kama taima.

Pakiti ya kuamsha, ile ya Wake-on-LAN inayotumwa mtandaoni, ina nini ndani? (Mwanafunzi, UDOM)

Baiti 6 za FF (biti zote ni moja), kisha anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi yako, mara 16. Jumla baiti 102.

Bodi yangu huamka vizuri, halafu inaganda palepale handla ya intarapti (sehemu ya draiva inayoijibu) inaposoma rejista, hifadhi ndogo ndani ya chipu. (Msomaji, Kondoa)

Pole, hili linachosha kulitafuta. Kerneli hufungua intarapti mwishoni mwa hatua ya noirq (sehemu ya kuamka ambayo intarapti bado zimefungwa), kabla resume() yako, sehemu ya draiva inayoamsha kifaa, haijaitwa. Ile iliyokuamsha ilikuwa inasubiri, basi handla inakimbia hapohapo, na kloki ya chipu (mapigo yanayoiendesha) bado umeizima. Kusoma rejista ya chipu isiyo na kloki kunaweza kugandisha bodi nzima. Hamishia kuwasha kloki kwenye resume_noirq(), inayoitwa ndani ya hatua hiyo ya noirq, ujaribu tena.